Povu la Kimwarer Lina Somo

Mwanafunzi wa kemia hapa Nakuru atakukariria bila kusita jinsi mbale ya shaba inavyosafishwa kwa povu kabla ya kutiwa tanuruni. Mwulize ni wapi karibu naye njia hiyo iliwahi kutumika, naye ataduwaa. Jibu ni Kimwarer, katika Bonde la Kerio.

Huko, tangu miaka ya 1970 hadi 2016, ilichimbwa fluospa, madini ambayo asidi yake huhitajika katika utengenezaji wa alumini. Mawe yalisagwa yakawa unga, yakatiwa maji na dawa inayoifanya chembe ya fluospa iyakatae maji. Hewa ilipopulizwa, chembe zilishikamana na viputo zikapanda juu. Makapi yakabaki chini. Fluospa ya kutengenezea asidi sharti ifikie usafi wa asilimia 97. Ikiisha kusafishwa, ilisafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa.

Bei ziliposhuka, mgodi ulifungwa. Ukifunguliwa tena, yafaa tujiulize: nani atasimamia hesabu? Sheria ya Madini ya 2016 huitengea jamii ya mahali asilimia 10 ya mrabaha. Mrabaha hufuata thamani ya mauzo, nayo thamani hufuata usafi. Jamii isiyoweza kupima usafi huo itajuaje kwamba imepunjwa?

Kwa hiyo, walimu wenzangu, somo la povu si la kupitia mtihani tu. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari.