Tusiharakishe kusema mlima umepona

Wengi wetu tunaujua mkaratusi kama mti wa mashamba: wa nguzo, wa kuni, wa kulaumiwa kisima kinapokauka. Kwao Australia kuna zaidi ya spishi 700 za jamii hiyo, na baadhi zimebakia za kuhesabika. Mojawapo, Eucalyptus imlayensis, haioti popote duniani isipokuwa karibu na kilele cha Mlima Imlay, kusini mwa jimbo la New South Wales, mlima ambao wenyeji wa Yuin wanauita Balawan. Wanasayansi waliipa jina mwaka 1980. Mimea yake porini haifiki mia moja.

Mwanzoni mwa 2020, katika msimu ulioteketeza zaidi ya hekta milioni 5 katika jimbo hilo peke yake, moto uliufikia mlima huo.

Mkaratusi wa namna hii haufi kirahisi. Chini ya udongo una kisiki kinene kilichojaa wanga na macho yaliyolala. Mashina yakiungua, macho huamka, na baada ya miezi michache machipukizi mororo yanasongamana kuzunguka vijiti vyeusi. Hapo ndipo wapiga picha hufika na habari njema huandikwa.

Mimi nakataa kuiita hali hiyo kupona. Wakati huo mmea unakula akiba. Moto mwingine ukija kabla wanga haujarudi, kisiki chaweza kufa kabisa. Tena mimea ni ile ile, hakuna hata mmoja ulioongezeka. Miche ya mbegu mlimani hapo huonekana kwa nadra mno, na bila miche idadi haina njia ila kupungua. Juu ya hayo kuna Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi na kusafiri katika tope lililoganda kwenye soli za viatu. Kwa kundi dogo hivi, kupiga viatu brashi kabla ya kupanda mlima ni uhifadhi sawa na kuzima moto.

Nawaomba basi waandishi wetu, wakiwemo wanaofuatilia miteremko ya Kilimanjaro iliyoungua Oktoba 2020: mkiandika kwamba uoto umerejea, tuambieni mmehesabu nini. Ni machipukizi ya visiki vya zamani, au miche ya mbegu iliyovuka kiangazi chake cha kwanza? Na mlirudi lini kuhesabu tena? Makala isiyo na majibu hayo tutairudisha kwa mwandishi, hata picha zake ziwe nzuri kiasi gani.