Kobalti ya Kolwezi, umeme wa Rufiji

Lori linaloshuka kutoka Kongo likifika kwenye mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, asiyejua anaweza kudhani linarudi tupu. Juu ya tela refu kumewekwa mafungu machache tu ya mabamba ya shaba, yamekazwa kwa mikanda ya chuma. Likipanda mizani, namba zinapanda nalo kuelekea kikomo cha tani 56. Nyuma yake kwenye foleni huenda kukawa na jingine lenye magunia makubwa ya unga wa kobalti. Unga huo bado una unyevunyevu, kwa kuwa kazi ya kuusafisha imeishia njiani. Itamaliziwa China, ambako zaidi ya robo tatu ya kobalti ya dunia nzima husafishwa kabla ya kuingia kwenye betri.

Mwaka 2025 magunia hayo yaliadimika. Tarehe 22 Februari serikali ya Kinshasa ilipiga marufuku usafirishaji wa kobalti kwa miezi minne, kisha Juni ikaongeza mitatu. Oktoba ilifungua mlango nusu, kwa mgawo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Ukali wa hesabu hiyo unaonekana ukiilinganisha na kampuni moja tu. CMOC ya China, yenye migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, ilizalisha peke yake zaidi ya tani 114,000 mwaka 2024.

Kinshasa ilikuwa na sababu. Tani ya kobalti iliyouzwa kwa takriban dola 80,000 mwaka 2022 ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 21,000 mapema 2025. Kwa bidhaa ya kawaida, bei ikianguka hivyo mzalishaji hupunguza kazi. Kobalti haiendi hivyo, maana nchini Kongo huchimbwa pamoja na shaba, na shaba ilikuwa inalipa vizuri. Mgodi unaofuata shaba utatoa kobalti hata kama hakuna anayeitaka, kisha utaimwaga sokoni kwa bei yoyote. Nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia ikawa inashusha bei ya mali yake kwa mikono yake. Marufuku ilikuwa dawa kali, na ilifanya kazi: kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Hapo ndipo shangwe inapopaswa kupunguzwa sauti kidogo. Watengenezaji wa magari hawakai wakisubiri mgawo wa Kinshasa. Betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti wala nikeli, zilikuwa zimeshachukua karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme mwaka 2024, na China ndiyo iliyoongoza njia hiyo. Kila bei ya kobalti inapopaa, mhandisi wa Shenzhen anapata sababu moja zaidi ya kuikimbia. Kongo inaweza kuibana dunia kwa muda, lakini muda huo si mrefu.

Wengi wanaitaja Indonesia kama mfano wa kuigwa. Januari 2020 ilizuia nikeli ghafi isiuzwe nje ya nchi, na mitambo ikaja kuifuata nikeli ilipo. Leo nchi hiyo inatoa zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Wasifiaji husahau kwamba mtaji mkubwa ulikuwa wa Wachina na kwamba umeme ulitoka kwenye makaa ya mawe. Husahau pia aliyeumia. Nikeli ilifurika sokoni, bei ikashuka kutoka takriban dola 30,000 kwa tani mwishoni mwa 2022 hadi karibu nusu ya hapo, na BHP ya Australia ikasimamisha shughuli zake za nikeli nyumbani kwao mwaka 2024. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na hisa katika mradi wa nikeli wa Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Mwaka 2025 ikajitoa. Uamuzi uliofanywa Jakarta ulifika hadi Kagera bila kubisha hodi.

Sasa zije reli. Marekani imeweka mkopo wa dola milioni 553 kwenye njia ya Lobito, inayotoka mpaka wa Kongo hadi pwani ya Angola, na Joe Biden alifika Lobito mwenyewe Desemba 2024. China imejibu kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia: Septemba 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 wenye thamani ya dola bilioni 1.4 wa kuifufua reli hiyo ya kilomita 1,860. Kuna kichekesho katika mashindano haya ambacho hakisemwi vya kutosha. Tenke Fungurume ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Kimarekani, Freeport-McMoRan, iliyouza hisa zake kwa CMOC mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65. Washington leo inagharimia reli ya kufuata madini yaliyokuwa mkononi mwa kampuni yake miaka kama kumi iliyopita.

Dar es Salaam inaitazama vita hii kwa jicho la bandari: mzigo ukienda Lobito ni hasara, ukija kwetu ni faida. Si hesabu mbaya. Mzigo wa transiti unalisha madereva, mawakala wa forodha, mafundi wa matairi na mama lishe kuanzia Chalinze hadi Tunduma. Ila ni hesabu ya mpitishaji, na mpitishaji hulipwa sawa hata kama anapitisha mchanga.

Hesabu kubwa iko kwenye umeme. Ukanda wa migodi wa Kolwezi na Lubumbashi, nchini Kongo, una njaa ya umeme ya siku nyingi. Umeme wa bwawa la Inga husafiri takriban kilomita 1,700 kuufikia na hautoshi, hivyo migodi hununua mwingine Zambia na kuwasha jenereta. Sehemu ya dizeli inayokwenda ukanda huo hupakuliwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa malori ya mafuta kupitia Tunduma. Madini ya magari safi yanachimbwa kwa dizeli iliyochoma dizeli nyingine njia nzima.

Wakati huohuo Tanzania imekamilisha bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na inajenga njia ya umeme ya kuiunganisha na Zambia, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma mpakani hadi Sumbawanga. Ziada iliyopo si ya kujivunia sana, na Mtanzania ambaye nguzo haijafika kijijini kwake ana haki ya kuuliza kwa nini nishati iuzwe nje. Jibu ni kwamba mteja mkubwa anayelipa kwa dola ndiye anayewezesha mkopo wa bwawa au mtambo unaofuata.

Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilikubaliana kujenga pamoja mnyororo wa betri, na Marekani ikaweka saini yake pembeni Desemba mwaka huohuo. Tanzania haikuwa mezani, ingawa bandari ni yake na sasa umeme pia. Ingefaa iombe kiti. Mteja wa kwanza angeweza kuwa kiwanda cha kusafisha kobalti hadi daraja la betri, upande wa Zambia au Haut-Katanga ya Kongo, chenye mkataba wa kununua umeme wa Tanesco kwa miaka 15 na kupewa kipaumbele katika mgawo wa Kinshasa. Kobalti iliyosafishwa hapo ingepita Vigwaza ikiwa nyepesi zaidi na ghali zaidi kwa kila kilo, na bandari ingeendelea kupata ushuru wake.