Jaa Likigeuzwa Bustani

Msafiri aliyevuka Makupa miaka iliyopita hakuhitaji kuambiwa kwamba amefika Kibarani, harufu ilimtangulia. Kwa miaka mingi taka za Mombasa zilirundikwa pale ukingoni mwa bahari, na kila mvua iliponyesha, uchafu uliteremkia horini walimo samaki na mikoko. Jaa hilo lilipofungwa mwaka 2018, udongo ulimwagwa juu ya taka na miti ikapandwa, kwa azma ya kupafanya mahali pa watu kupumzikia.

Ni jambo la kushukuriwa. Familia nyingi za mji wetu huishi katika vyumba visivyo na ua, na watoto huchezea njiani. Upepo wa bahari usiwe wa wageni wa hoteli peke yao.

Hata hivyo, kabla hatujatandika mkeka, yafaa tujue kwamba taka zilizofunikwa hazijatoweka. Mabaki ya chakula yaozayo chini ya ardhi hutoa gesi iwakayo moto. Maji ya mvua yakipenya humo hutoka yamebeba sumu. Ardhi yenyewe nayo huendelea kudidimia kwa miaka mingi.

Wenzetu wa New York wameyapitia haya. Jaa la Fresh Kills, katika Staten Island, lilifunguliwa mwaka 1948 na kufungwa mwaka 2001. Vilima vya taka vilifunikwa kwa tabaka za udongo na plastiki nzito isiyopitisha maji, mabomba ya kuvuta gesi yakazikwa, na maji machafu yakakusanywa ili yasafishwe. Sehemu ya kwanza ya bustani ndani ya eneo la jaa lenyewe ilifunguliwa kwa umma mwaka 2023. Ilichukua miaka 22.

Kwa hivyo tunayo haki ya kuuliza kuhusu Kibarani: gesi hupimwa na nani? Maji ya chini huelekea wapi? Na wale waliokuwa wakiokota chupa na vyuma jaani ili kulisha watoto wao, wametengewa kazi gani? Maswali haya ni ya mama mwenye mtoto kama yalivyo ya mhandisi.

Liko pia la kujiuliza sisi wenyewe. Kufungwa kwa Kibarani hakukupunguza taka zetu. Zilielekezwa Mwakirunge, ambako nako kuna nyumba na watoto. Si uungwana sisi tupate bustani na jirani apate jaa.

Sehemu kubwa ya taka za jikoni ni maganda na mabaki ya chakula. Tuweke ndoo mbili: moja ya maganda, yapewe mbuzi na kuku au yafukiwe yawe mbolea, nyingine ya chupa na plastiki, zikabidhiwe wanunuzi wa mitaani. Kitakachobaki cha kupelekwa Mwakirunge kitakuwa kidogo.