Fuga maji kwanza, samaki baadaye

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Najua wapo watakaosema huyu kijana kaishiwa habari, lakini nina hoja, na hoja yenyewe inahusu samaki. Si wa kukaanga. Ninaongelea wale wa kwenye tangi la kioo, ambao ukiingia hotelini, ofisini au sebuleni kwa mtu aliyejipata kidogo unawakuta wanazunguka.

Hoja yangu ni hii: muuza duka anayekuuzia tangi na samaki siku hiyo hiyo anakuuzia vifo. Na wewe unayenunua bila kuuliza, kama nilivyofanya mimi, ni mshirika wake.

Nianze na mimi ili nisionekane nanyooshea wenzangu kidole. Jumamosi moja, mshahara umeingia, nikapita duka moja mjini. Nikanunua tangi la lita 60, kokoto za bluu, majani ya plastiki, pampu ya hewa na samaki wa dhahabu 10. Nikamuuliza muuzaji kama kuna masharti yoyote. Akanijibu, "Hakuna masharti bro, maji yakichafuka unabadilisha, basi." Nikafika nyumbani, nikajaza maji ya bomba, nikamwaga samaki, nikakaa kwenye kochi kama bosi.

Mtoto wa dada yangu, ana miaka 6, alikuwa kwangu wikiendi ile. Alikaa mbele ya kioo mpaka chakula chake kikapoa, akawapa samaki wote majina. Jumatano wanne walikuwa wanaelea. Jumamosi iliyofuata aliporudi akakuta wamebaki wawili. Akaniangalia, akaniuliza, "Anko, uliwafanya nini?"

Jamani, hilo ni swali zuri kuliko mengi tunayouliza sisi kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Sikuwa na jibu. Nikafanya wanachofanya wengi: nikarudi duka lile lile, nikanunua wengine sita. Nao wakafa. Muuzaji akaniambia labda nina mkono mbaya.

Mkono mbaya! Miaka yote niliyosoma mpaka chuo kikuu, nikakubali jibu la mkono mbaya. Ndipo nikakaa chini nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni sayansi ya kidato cha pili.

Samaki hana choo cha nje. Kinyesi chake, taka anazotoa kupitia matamvua na chakula kinachobaki chini vyote vinazalisha amonia ndani ya maji yale yale anayopumulia. Amonia ni sumu. Mtoni na ziwani kuna bakteria wanaoibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu inazuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Halafu bakteria wengine wanaibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, na mimea inaitumia kama mbolea. Mzunguko umekamilika.

Sasa, tangi jipya halina hao bakteria wa kutosha. Wanachukua kama wiki 4 hadi 6 kuongezeka na kujishikiza kwenye mchanga, kwenye kioo na kwenye sponji ya filta. Mimi nilimwaga samaki 10 siku ya kwanza, tena samaki wa dhahabu, ambao ni wachafuzi wakubwa. Maji yakianza ukungu natoa yote, nasugua kokoto kwa sabuni, najaza maji mapya ya bomba yenye klorini. Yaani kila bakteria aliyejitahidi kuzaliana, mimi nilikuwa namuua na kuanza upya. Sikuwa na mkono mbaya. Nilikuwa na haraka, na kila nilipodhani nasafisha nilikuwa naharibu.

Na wala siyo siri iliyovumbuliwa juzi. Mwaka 1850, mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili tu wa dhahabu kwenye chombo cha maji pamoja na mmea wa majini uitwao Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Majani yalipoanza kuoza maji yakachafuka, akaongeza konokono wa kula uozo ule, maji yakatulia. Samaki wawili, mmea na konokono, bila pampu wala umeme. Sisi leo tunaweka samaki 10 na majani ya plastiki, halafu tunashangaa.

Kwa hiyo nikaanza upya, na safari hii nikaamua kufuga maji kwanza. Nawaeleza nilivyofanya ili mtu asirudie yangu.

Kwanza meza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 60 ni kilo 60 kabla hujaweka kioo, udongo na mchanga. Huo ni uzito wa mtu mzima anayekaa juu ya meza yako usiku na mchana bila kushuka. Kimeza cha televisheni chenye miguu myembamba hakitakuvumilia. Na usiliweke dirishani. Jua kali linaotesha utando wa kijani kwenye kioo na kupandisha joto, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Pili udongo. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, Diana Walstad, alitoa kitabu kiitwacho Ecology of the Planted Aquarium. Humo anaeleza kwamba udongo wa kawaida unatosha kulisha mimea, bila mitungi ya hewa ukaa na mbolea za gharama. Nikachukua udongo wa bustani usiotiwa mbolea wala samadi, nikauchekecha, nikaulaza chini kama sentimita mbili na nusu. Juu yake nikafunika mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yakawa meupe, unene kama huo huo. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi na vipande vya makombe.

Tatu maji. Ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Wenye visima vya chumvi, na Dar tuko wengi, wasitegemee kila mmea utakubali. Weka sahani juu ya mchanga, mimina maji taratibu juu ya sahani, la sivyo utapata uji wa udongo.

Nne mimea, tena mingi, siku ile ile ya kwanza. Mimea inakula amonia moja kwa moja, kwa hiyo inakupunguzia sumu wakati bakteria bado wachache. Mimi nilipata Vallisneria na Ceratophyllum, ule wa matawi laini kama mkia wa mbweha, kutoka kwa jamaa anayefuga siku nyingi. Akanipa na kipande cha sponji ya filta yake ya zamani. Usidharau sponji chafu! Ile ndiyo mbegu ya bakteria. Taa ya kawaida nyeupe naiwasha saa 7 kwa siku. Kifaa cha kupasha maji joto nilichoambiwa ninunue nimekiacha dukani. Hicho ni cha Ulaya kwenye baridi, labda na kwa ndugu zetu wa Njombe. Dar joto tunalo la kuuza.

Tano, na hapa ndipo Mtanzania anaposhindwa: kusubiri. Wiki sita nilikaa naangalia tangi lisilo na samaki hata mmoja. Wageni wananicheka. Mwenzangu wa chumba cha habari akaniambia nimenunua bustani yenye maji. Mtu aliyezoea dedilaini ya saa kumi jioni kusubiri wiki sita ni adhabu, lakini niliona mambo. Majani ya zamani yakanyauka, mapya yakachipuka. Maji yakawa na ukungu, kisha yakajisafisha yenyewe bila mimi kuyagusa.

Katikati ya kusubiri, mama mwenye nyumba akanigongea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Mwanangu, nasikia humo ndani unafuga mbu." Nilitaka kucheka, lakini mama alikuwa na haki. Maji yaliyotulia bila samaki ni leba ya mbu, na jiji hili lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Nikakata kipande cha chandarua kizee nikafunika tangi lote. Anayefuata ushauri wangu asiruke hatua hii.

Kuna mengine mawili ambayo maduka hayakwambii.

Moja ni kichocho. Kuna wanaosema mimea ya nini kununua, si unachuma tu bwawani? Sawa, lakini konokono wadogo wanaokaa kwenye mimea hiyo, wa jamii ya Bulinus na Biomphalaria, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Konokono mwenye maambukizi anaachia vimelea majini, navyo vinapenya kwenye ngozi. Wewe unaingiza mkono kwenye tangi kila wiki, na mtoto naye anatumbukiza wake. Chukua mimea kwa mtu mwenye tangi tayari. Konokono usiyemjua asili yake mtoe, pamoja na mayai yake yanayonata kwenye majani kama ute.

La pili ni kutupa. Mimea ikistawi utapunguza, na utashawishika kuitupa mtaroni au mtoni. Usithubutu. Magugu maji yaliyolivamia Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini. Yalisambazwa duniani kwa sababu yana ua zuri na watu walipenda kupamba nalo mabwawa yao. Pambo la mtu mmoja likaja kuwaziba wavuvi njia ya mtumbwi. Mimea ya tangi ikizidi, ianike juani ikauke kabisa, halafu ipeleke kwenye mbolea ya bustani. Na samaki uliowachoka wagawie watu, usiwaachie mtoni.

Najua kuna mdau hapo ameshakunja uso: watu wanagombea maji ya mgao, wewe unamwagia samaki? Hoja hiyo naiheshimu, na nimeishi na ndoo uani kama wengine. Lakini hesabu iko hivi. Tangi la zamani, la plastiki na sabuni, lilikuwa linakunywa lita 60 kila linapochafuka, na lilikuwa linachafuka kila wiki. La sasa nalibadilishia lita 10 au 15 kwa wiki, na maji ninayotoa yana nitrati, yaani mbolea, nayamwagia mchicha wa mama mwenye nyumba. Tangu aone mchicha ule haniulizi tena habari za mbu. Tangi lililoandaliwa kwa subira ndilo linalotumia maji kidogo.

Mwingine atasema hivi vitu ni vya Wazungu. Ndugu yangu, samaki wa Ziwa Tanganyika wanasafirishwa kutoka Kigoma kwenda kwenye matangi ya Ulaya, na Wazungu wanachojifunza kwanza kabla ya kuwapokea ni maji ya Tanganyika yalivyo: magumu, na pH inayokaribia 9. Wanaandaa maji yanayofanana na hayo, ndipo samaki anapanda ndege. Mtu wa ughaibuni anajua maji ya Kigoma, na sisi tunaouza samaki wale tunaambiana habari za mkono mbaya.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Mteja akinunua tangi jipya, mwambie arudi baada ya mwezi mmoja na nusu kuchukua samaki, na arudi na chupa ya maji yake muyapime. Vipimo vya matone vipo. Utapoteza mauzo ya siku moja, lakini utampata mteja wa miaka. Mimi lile duka sijarudi tena.

Kwa sasa nina magapi saba. Nilianza na watatu, nikawapa chakula kidogo mara moja kwa siku, wengine wanne wamezaliwa humo humo ndani. Umeme ukikatika naangalia tangi kwa wasiwasi, maana filta inasimama, lakini kwa samaki wachache na mimea mingi hadi leo hatujapata msiba.

Mpwa wangu ameshawaona. Mwanzo hakutaka kuwapa majina. Alikaa, akawahesabu, akasema atawapa akirudi likizo, kama bado wapo. Sikumlaumu, ameshazika wa kutosha. Likizo inaanza wiki ijayo, na wote saba wapo.

Kwa hiyo wadau, anayetaka tangi akanunue. Ila siku hiyo arudi nyumbani bila samaki. Kazi kwenu.