Aya iliyofutwa kwenye wasifu wa Baba Mdogo

Mnisamehe kwa ukimya, zamu za usiku hapa Maryland zimenibana kweli kweli.

Leo nina neno kuhusu kijitabu cha arobaini ya Baba Mdogo. Nimetumiwa wasifu niusome kabla haujaenda kuchapwa. Umeandikwa vizuri: mwaka aliojiunga na jeshi la majini, kozi, vyeo, nishani, na kwamba alikuwa baba mwema. Lakini aya ya Dada imepigwa mstari, ile inayosema baba alikuwa baharini miaka mingi na yeye akakua akimjua kwa barua. Wazee wamesema marehemu hasemwi. Nawaheshimu wazee wangu, ila kwa hili sikubaliani nao, na nitawaeleza sababu kwa kupitia marehemu mwingine.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko nikaenda Annapolis, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi la majini la Marekani. Getini wanataka kitambulisho, ukishaingia unatembea zako hadi makaburini. Pale amelala Admirali Elmo Zumwalt, aliyefariki tarehe 2 Januari 2000, na Rais Clinton alikuja kumzika. Kwenye jiwe lake kuna neno moja la kumsifu: mleta mageuzi.

Alistahili. Alihitimu chuo hicho mwaka 1942, akapigana vita vya Pasifiki, na mwaka 1945 akiwa Shanghai alikutana na Mouza, binti aliyetokea Harbin, wakaoana baada ya wiki chache tu. Walipata watoto wanne. Mwaka 1970, akiwa na miaka 49, alishika ukuu wa jeshi lote la majini, na hakuna aliyewahi kuushika akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Akaanza kumwaga maagizo, 121 kwa miaka minne. Mabaharia wakaruhusiwa kufuga ndevu. Wake zao wakapewa mwakilishi wa kufikisha malalamiko yao kwa kamanda. Aliwaita maofisa weusi pamoja na wake zao wakamweleza maisha yao, na Desemba 1970 akaagiza maduka ya kambi yauze vipodozi vya watu weusi na vyakula wanavyovitaka, na pawe na kinyozi anayejua kuzikata nywele zao. Sisi tuliowahi kuzunguka mji mzima ugenini tukitafuta mafuta ya nywele tunajua agizo hilo lina uzito gani! Mwaka 1971, chini yake, Samuel Gravely akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupandishwa kuwa admirali.

Wazee wangekomea hapo. Yeye mwenyewe hakukomea hapo.

Kabla ya cheo hicho, kuanzia 1968, aliongoza majeshi ya majini ya Marekani huko Vietnam. Vijana wake walipita mitoni kwa boti ndogo, na adui alijificha kwenye vichaka vya kingo. Kwa hesabu yake, kila mwezi asilimia 6 ya vijana hao waliuawa au kujeruhiwa. Akataka kingo zinyunyiziwe dawa ya kuua majani iliyoitwa Agent Orange. Vichaka vikakauka, na hasara ikashuka chini ya asilimia 1. Kati ya makamanda wa boti zile alikuwamo mwanawe wa kwanza, naye akiitwa Elmo.

Mwaka 1983 kijana akakutwa na saratani ya tezi za limfu, na mwaka 1985 saratani ya pili. Mjukuu alizaliwa na matatizo makubwa ya kujifunza. Dada mtu, Mouzetta, akamtolea kaka yake uboho wa mifupa. Haukumponya. Alifariki Agosti 1988, akiwa na miaka 42.

Jamani, baba yupi angetaka hayo yaandikwe? Lakini mwaka 1986, mgonjwa akiwa hai, baba na mwana walitoa kitabu pamoja wakayasema yote. Baba alisema anaamini dawa ile ndiyo iliyomwua mwanawe taratibu, na kwamba hata hivyo angetoa agizo lile lile tena, kwa sababu liliokoa maelfu. Mwana alisema hamlaumu. Nilikisoma nikiwa kazini, wagonjwa wamelala, nikashindwa kuendelea mara mbili.

Mimi simkubalii kila kitu. Mito ile ilikuwa na wenyewe, Wavietnam waliokunywa maji yake na kulima kingoni mwake, na kwenye hesabu ya waliookolewa sioni wamewekwa wapi. Lakini naweza kubishana naye kwa sababu yeye mwenyewe alisema alichofanya. Na hakuishia kusema. Mwaka 1989 alipewa kazi, bila mshahara, ya kupitia utafiti wa dawa hiyo kwa niaba ya wizara ya maveterani. Ripoti yake ya 1990 ilisema magonjwa mengi yanahusika nayo, na mwaka 1991 ikapita sheria ya kuwafidia askari walioumwa. Wajane wengi wa Kimarekani wanakula kwa sheria hiyo.

Baba Mdogo hakunyunyizia mtu sumu. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutokuwepo, na mimi ninayeandika haya nina mwanangu hapo nyumbani anayenijua kwa simu. Dada hakumtukana baba yake. Aya yake inamalizika kwa barua aliyoletewa kutoka bandarini, yenye mchoro wa meli na mshale unaoonyesha dirisha la chumba chake. Kuna sentensi gani nyingine kwenye wasifu ule inayotuonyesha alimpenda binti yake?

Naomba irudishwe, yote, bila kupunguzwa. Pesa ya uchapaji nimeshatuma, na kurasa zikizidi nitaongeza. Shangazi, tafadhali zungumza na wazee kabla ya Ijumaa. Mimi naingia kazini.