Zana zilingane na shamba

Mkulima mdogo wa Tanzania asilazimishwe kuchagua kati ya jembe la mkono na trekta kubwa. Awezeshwe kupata zana inayolingana na shamba lake.

Mashamba mengi ya wakulima wadogo nchini hayazidi hekta 3. Kwenye vipande hivyo trekta kubwa hupoteza muda na mafuta kwa kugeuzwa kila mara, na uzito wake hushindilia udongo, hasa wenye unyevu, hata mizizi na maji vikashindwa kupenya.

Ardhi nayo haifanani. Kwenye miteremko ya Mbinga, Wamatengo wamehifadhi udongo kwa vizazi kwa kilimo cha ngoro, mashimo yanayotengenezwa kwa jembe la mkono. Usukumani, plau inayokokotwa na maksai imezoeleka kwa muda mrefu.

Hata hivyo, jembe la mkono pekee halitoshi. Mvua za kwanza hazimsubiri mtu. Familia inayotegemea mikono mitupu huchelewa kupanda, kisha palizi huielemea, na sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa na wanawake.

Mpango wa taifa wa Kilimo Kwanza ulipozinduliwa mwaka 2009, matrekta madogo ya kuongozwa kwa mkono, maarufu kama pawatila, yalihimizwa kwa nguvu. Lakini mashine isiyo na vipuri, fundi wala mwendeshaji aliyefunzwa hugeuka chuma chakavu.

Wenye dhamana ya kilimo waanzishe vituo vya kukodisha zana karibu na vijiji, wafundishe mafundi na waendeshaji, na wahakikishe plau na pawatila zinapatikana kwa mkopo nafuu kabla ya msimu ujao wa mvua.