Mumiani dirishani pa Bella

Jalada ni jeusi, na juu yake mikono miwili myeupe imeshika tofaa jekundu. Nakala ya kitabu hicho ikishaingia kwenye bweni la wasichana Machakos, haikai kabatini. Hujalidiwa kwa gazeti, hupita kitanda hadi kitanda, na taa zikizimwa husomwa kwa tochi chini ya blanketi mpaka kurasa zianze kuchomoka.

Ni Twilight, riwaya ya Mmarekani Stephenie Meyer iliyotoka mwaka 2005. Nyingine tatu zilifuata kufikia 2008, mwaka ambao filamu ya kwanza ilitolewa, na nakala zaidi ya milioni 100 za msururu huo zimeuzwa duniani. Bella ana miaka 17. Anampenda Edward, mtanashati mwenye sura ya miaka 17 ambaye kwa kweli alizaliwa 1901 na anaishi kwa kunywa damu.

Mzazi mcha Mungu akisikia habari ya damu hushtuka, na ana sababu. Afrika Mashariki mnyonya damu hakuwa mchumba wa mtu. Waswahili walimwita mumiani, na enzi za mkoloni ilinong'onwa Nairobi na Kampala kwamba wazimamoto walikuwa wakiwateka Waafrika na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, juu ya uvumi huo. Nyanya aliyelelewa na hofu hizo atawezaje kumwelewa mjukuu anayelia kwa kumtamani mumiani?

Lakini damu si kitu cha kuogopwa katika vitabu hivi. Edward na jamaa zake hunywa damu ya wanyama tu, baba yao wa kulea ni daktari, na kuhusu mapenzi ya kitandani Edward mwenyewe ndiye anayesisitiza ndoa kwanza. Kwa kipimo hicho, riwaya hizi ni safi kuliko tamthilia nyingi zinazotazamwa sebuleni familia nzima ikiwa mezani.

Cha kuogopwa ni dirisha. Katika kitabu cha kwanza Edward amekuwa akiingia usiku chumbani mwa Bella bila yeye kujua, akikaa kumtazama amelala. Anapokiri, Bella hakasiriki, anajiona amethaminiwa. Katika kitabu cha tatu Edward anang'oa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona rafiki yake Jacob, kisha anampa dada yake gari aina ya Porsche ili amzuie Bella nyumbani kwao Edward akiwa safarini. Haya yote yanasimuliwa kama ulinzi wa mtu apendaye mno. Na katika kitabu cha pili, Edward alipomwacha, Meyer aliweka kurasa zenye jina la mwezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Msichana hana la kusimulia kwa miezi minne kwa sababu mvulana ameondoka. Ni ufundi mzuri wa uandishi, na ndiyo maana unamwingia msomaji wa miaka 13 bila kubisha hodi.

Hakuna anayedai kwamba riwaya imempiga mwanamke wa Kenya. Ila utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Januari 27, 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kulaani mauaji ya wanawake. Katika nchi kama hiyo, binti anahitaji kujua mapema kwamba mwanamume anayemchagulia marafiki na kutokea asikoalikwa hamlindi.

Je, vitabu hivi vipigwe marufuku? Ukambani wanalijua jibu. Mwandishi David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, sehemu iliyokuwa Wilaya ya Machakos kabla ya Makueni kujitenga, alitoa kitabu cha mapenzi, After 4:30, mwaka 1974. Wachungaji na wasomi walimkemea, Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake, na vijana wakazidi kuvitafuta. Kitabu kinachonyang'anywa bwenini hurudi kwa mlango mwingine, safari hii bila mtu mzima wa kukizungumzia.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, vitabu vya Meyer bado. Wa sekondari avisome, lakini asiachwe navyo peke yake. Pembeni awekewe Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ya 1980 ambayo imewahi kutahiniwa katika shule za Kenya. Humo Maksuudi anawafungia ndani mkewe na bintiye Maimuna, na mwandishi haiti hiyo mapenzi. Anaionyesha kuwa dhuluma, na kuonyesha jinsi inavyoivunja nyumba. Msichana aliyesoma vitabu vyote viwili atamtazama Edward kwa jicho jingine.

Kwa hiyo, mama unayekikuta kitabu cha tofaa chini ya mto likizo hii, usikichome. Kisome kwanza, ufike pale penye dirisha, kisha umwite bintiyo jikoni umuulize: mvulana wa mtaa huu akiingia chumbani mwako usiku hivyo, utafanya nini?